Detekta inaona sarafu mpaka kina gani? Nimepima kwenye mchanga na kwenye udongo mwekundu

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kuandika mambo ya detekta, yani mashine za kutafutia vitu vya metali ardhini, ni hili, kaka hiyo mashine inaenda chini mita ngapi? Mita! Na siwalaumu wanaouliza, maana ukiingia Facebook leo utakuta matangazo kibao, detekta ya mita 3, ya mita 5, nyingine mita 10 na kuendelea, afu pembeni wameweka picha ya sanduku limejaa dhahabu. Sasa ngoja nijibu hapa kwa urefu, ili nikiulizwa tena niwe natuma linki.

Kwa sarafu moja, yani sarafu moja ya ukubwa wa kawaida iliyolala peke yake ardhini, mashine nzuri ya kisasa inakupa kati ya sentimita 20 na 30. Ya bei chee inakupa 10, ikijitahidi sana 15. Zile za mamilioni wanazotumia wachimba dhahabu zinaweza kukufikisha 35 mpaka 40 kwa sarafu kubwa ya fedha. Basi. Nusu mita kwa sarafu moja ni jambo la nadra, inataka sarafu kubwa, koili kubwa (ile sahani ya chini ya mashine unayoipitisha juu ya ardhi), ardhi nzuri na masikio ya mtu aliyezoea. Mita nzima kwa sarafu moja usitegemee, na anayekuambia mita 5 anataka hela yako.

Najua kuna watu wameshaanza kubisha, kwa hiyo nieleze nilivyopima.

Nilipima sehemu mbili. Ya kwanza Pangani, mchanga mkavu ule wa juu ambao maji ya bahari hayaufikii. Ya pili shambani kwetu Muheza, udongo mwekundu haswa, ule ambao mvua ikinyesha soksi nyeupe huzipati tena. Mashine zilikuwa Garrett ACE 300 ambayo ni ya watu wanaoanza, Nokta Simplex+ ya Waturuki, Minelab Equinox 800, na Minelab GPX 5000 niliyoazimwa na rafiki yangu anayetafuta dhahabu Chunya alipokuja nyumbani likizo. Ya tano ni moja ya zile mashine za mtandaoni zisizo na jina la maana, siitaji maana zinabadilishwa stika kila mwezi, ndani ni zilezile.

Sarafu nilitumia rupia ya fedha ya Mjerumani iliyokuwa ya bibi, hii ina upana wa kama milimita 30 na uzito wa gramu 11 na ushee, fedha karibu tupu. Nyingine senti kumi ya mkoloni ile ya shaba yenye tundu katikati, upana wake unalingana na rupia. Nyingine heller moja, hela ndogo ya Mjerumani, kashaba kadogo ka milimita 20 hivi. Na mwisho shilingi mia tano yetu ya sasa hivi, nikitaka kuona hela ya leo inasomekaje.

Kufukia sarafu na kuanza kupima palepale kuna shida yake, maana ukishachimba shimo umeshavuruga udongo, na udongo uliovurugwa hausomeki sawa na udongo uliotulia. Kwa hiyo nilifanya njia mbili. Sarafu nyingine nilizifukia zikiwa zimelala bapa, nikaandika vina vyake kwenye daftari, nikaziacha mvua ipige udongo ushikamane. Njia ya pili nilichukua bomba la plastiki la maji nikalichomeka kwa mshazari kutoka pembeni, hivyo sarafu unaisukuma na kijiti cha mwanzi mpaka kina unachotaka wakati udongo wa juu yake haujaguswa kabisa. Hii ya bomba naipenda sana kwa sababu unaweza kushuka sentimita moja moja.

Na ili nisijidanganye, binamu yangu ndo alikuwa anasukuma sarafu. Mara nyingine anasukuma kijiti kitupu hamna sarafu, afu ananiambia haya, pitisha. Ukijua sarafu iko pale sikio litaisikia hata kama haipo, hili kila aliyewahi kushika detekta analijua. Sikuhesabu kelele yoyote ya kubahatisha. Nilihesabu sauti inayojirudia koili ikienda na ikirudi, afu nikizunguka nikaijia kutoka upande mwingine bado ipo palepale.

Haya, Pangani kwenye mchanga mkavu. Kwa rupia ya fedha ile ya mtandaoni ilifika sentimita 12 ikaishia hapo. ACE 300 ilinipa kama 22. Simplex 27. Equinox ikagusa 30, kwenye 31 na 32 inasikika mara moja inapotea mara mbili kwa hiyo sikuihesabu. GPX ilikwenda mpaka 38. Senti ya tundu ilikuwa nyuma ya rupia kwa sentimita moja au mbili tu, tundu halina madhara makubwa kama watu wanavyodhani kwa sababu umeme unaozungushwa ndani ya sarafu unapita zaidi kwenye ukingo. Heller ndogo ilishusha kila mtu, ACE 15, Simplex 19, Equinox 22, GPX 25 hivi.

Ukiangalia hapo utaona kitu. Kati ya mashine ya kuanzia na Equinox ambayo bei yake ni mara kadhaa, tofauti ni sentimita 8 kwa rupia na 7 kwa heller. Kama unatafutia ufukweni kwenye mchanga mkavu mweupe mimi sioni kwa nini ujikamue ununue ya bei kubwa kwa ajili ya kina peke yake.

Sasa twende Muheza, na hapa ndo naomba mtulie maana wengi wenu mnaoniandikia mko kwenye udongo kama huu au mbaya zaidi, Moshi, Arusha, Mbeya, Kisii, Kakamega, mashariki ya Kongo huko.

Ile ya mtandaoni haikufanya kazi kabisa. Ilikuwa inalia kwa sababu ya udongo wenyewe, ukiinua koili inalia, ukishusha inalia, ukipunguza sensitiviti, yani ukali wake wa kusikia, mpaka inyamaze inakuwa haioni hata sarafu iliyowekwa juu ya nyasi. ACE 300 ilitoka 22 ikashuka mpaka 12 kwa rupia ileile, kwa sababu ile mashine kubalansi ardhi, yani kuipanga isisikilize udongo wenyewe, kwake kumewekwa kiwandani, huwezi kuigusa, na kiwandani waliweka kwa ajili ya ardhi za kawaida. Simplex unaweza kuibalansi, unabonyeza kitufe unapampu koili juu chini mpaka itulie, ikanipa 19. Equinox 23. GPX 35, yani ilipoteza sentimita 3 tu kutoka mchangani!

Kwa hiyo tofauti ya ACE na Equinox ambayo mchangani ilikuwa sentimita 8 sasa ni 11, lakini iangalie hivi, moja inaona karibu mara mbili ya mwenzake. Mashine hizohizo, sarafu hiyohiyo, mikono hiyohiyo. Kilichobadilika ni ardhi tu. Ndo maana mtu akiniuliza ninunue mashine gani ninaanza kumuuliza udongo wa kwenu ukoje, watu wanaona nazunguka swali kumbe hilo ndo jibu lenyewe.

Shida ya udongo mwekundu ni chuma. Rangi yenyewe ile inatokana na madini ya chuma yaliyooza kwa miaka mingi, na baadhi ya hayo madini yana usumaku, kwa hiyo detekta ikirusha uga wake, yani nguvu ya sumaku inayosambaa kutoka kwenye koili, udongo mzima wa chini unajibu. Sauti ya sarafu inabidi isikike katikati ya sauti ya udongo. Ukitaka kujua udongo wako una usumaku kiasi gani chukua sumaku ya spika mbovu, iweke ndani ya mfuko wa plastiki, iburuze kwenye udongo mkavu uliosagika, afu angalia vichembe vyeusi vilivyong'ang'ania. Vikiwa vichache uko salama. Mfuko ukiota ndevu jua detekta ya kawaida itateseka hapo. Fukwe nyingine nazo zina mchanga mweusi wa hivihivi, usidhani kila ufukwe ni rahisi.

Kuna balaa lingine la udongo huu ambalo halionekani kwenye hesabu za kina. Sarafu ikishakuwa chini sana mashine inaanza kuisoma kama chuma. Rupia ya fedha ambayo kwenye sentimita 10 inakupa namba za juu kabisa kwenye skrini, zile zinazoonyesha aina ya metali, ikifika 20 kwenye udongo mwekundu namba zinaruka, mara juu mara chini, mwisho inaangukia upande wa misumari. Sasa kama umewasha diskrimineshen ya kukata chuma, mashine inaisikia sarafu vizuri tu afu inakunyamazia. Umepita juu ya fedha hujaambiwa. Mimi Muheza naacha chuma kilie, nasikiliza mwenyewe, nachimba misumari mingi lakini nalala nikijua sikuacha kitu.

Haya, kwa nini mashine ya mamilioni haiendi mita wakati ina umeme mwingi na betri kubwa? Hapa kuna hesabu moja ambayo ukiielewa hakuna muuzaji atakayekudanganya tena. Detekta inarusha uga wa sumaku kutoka kwenye koili. Uga ule ukishatoka nje kidogo ya koili unapungua haraka sana, umbali ukiongezeka mara mbili uga unabaki sehemu moja ya nane. Unafika kwenye sarafu, sarafu inazalisha kauga kake kadogo, nako kanarudi juu, na njiani kanapungua vilevile, moja ya nane tena. Nane mara nane ni 64. Yani ukiishusha sarafu kutoka sentimita 20 mpaka 40, siginali inayorudi ni moja ya sitini na nne ya ile ya mwanzo. Ni kama kupiga kelele bondeni ukasubiri mwangwi, sauti inachoka ikienda na mwangwi unachoka ukirudi.

Geuza sasa hiyo hesabu. Mtengenezaji akiongeza nguvu ya mashine mara mbili kamili, kina kinaongezeka kwa asilimia 12 tu. Sentimita 25 inakuwa 28. Ndo umeongeza nguvu mara mbili hapo! Ili utoke sentimita 25 ufike mita moja, yani mara nne, unahitaji siginali mara 4,096. Hii haihusiani na kampuni wala nchi inayotengeneza. Wamarekani wa Garrett, Waaustralia wa Minelab, Waturuki wa Nokta, Wafaransa wa XP, wote wanapambana na hesabu ileile moja, na ndo maana ukilinganisha mashine zao za daraja moja kwenye ardhi moja zinaachana kwa sentimita mbili tatu, afu watu mtandaoni wanagombana kana kwamba ni Simba na Yanga.

Wanachoshindania kwa kweli siku hizi ni kuinyamazisha ardhi, sio kuongeza nguvu. Equinox inatumia frikwensi nyingi (kasi za mtetemo wa mawimbi yake) kwa wakati mmoja, hivyo inaweza kulinganisha majibu ikatoa la udongo ikabakiza la kitu. Zile za frikwensi moja kama Simplex, yenyewe iko kilohezi 12, zinategemea wewe ubalansi vizuri. GPX yenyewe ni aina tofauti kabisa, inapiga mapigo ya umeme, inazima, afu inasikiliza baada ya kuzima, na udongo kwa sehemu kubwa unakuwa umeshanyamaza wakati sarafu bado inajibu. Ndo maana haikushtuka Muheza. Lakini usikimbilie, mashine ya mapigo ni dhaifu sana kwenye kutofautisha chuma na fedha, kila msumari, kila kifuniko cha soda, kila kipande cha jembe ni siginali nzuri ya kuchimba. Kwenye milima ya Chunya ambako hakuna takataka inafaa sana. Kwenye kiwanja cha zamani cha soko utachimba mpaka mgongo ukatike. Na bei yake, kama huichimbii dhahabu, mimi siishauri.

Maji ya chumvi nayo yana mambo yake, mchanga uliolowa bahari unapitisha umeme kwa hiyo na wenyewe unajibu, mashine za frikwensi moja zinapiga kelele sana pale yanapofika mawimbi. Za frikwensi nyingi zinatulia. Hilo sitaliongelea leo, ni mada nyingine.

Koili. Kanuni ya wazee wa kazi hii ni kwamba sarafu utaipata kwenye kina kinachokaribiana na upana wa koili, na vipimo vyangu vinakubaliana nayo, koili ya inchi 11 ni sentimita 28. Watu wanadhani basi wakifunga koili ya inchi 15 watakwenda sentimita 38. Haiendi hivyo. Koili kubwa inaona kitu kikubwa kwa kina zaidi, ni kweli, lakini kwa sarafu ndogo nguvu yake imesambaa eneo kubwa, na inakusanya udongo mwingi zaidi kwa wakati mmoja, kwa hiyo Muheza koili kubwa inaweza ikakupa kina kidogo kuliko ya kawaida. Heller moja naitafuta na koili ndogo bila wasiwasi.

Kingine ambacho hakigharimu hata senti: koili ipitishe chini kabisa, iguse nyasi. Nimeona watu na mashine za bei mbaya wanabembeza koili hewani kama wanafagia dari, sentimita 10 juu ya ardhi, afu wanalalamika mashine haina kina. Zile sentimita 10 za hewani zinahesabiwa! Umenunua 30 unazitupa 10 kabla hujaanza. Na nenda polepole, kila mpito ufunike nusu ya mpito uliopita, maana umbo la kinachoonekana chini linazidi kuwa jembamba kadiri unavyoshuka, pale juu koili inafunika inchi 11, kule kwenye sentimita 25 inafunika kipande kidogo tu cha katikati. Fyeka kwanza majani. Kwangu kufyeka kumeongeza kina kuliko pesa yoyote niliyowahi kutoa kwenye mashine.

Sarafu yenyewe nayo ina tabia. Iliyolala bapa inaonekana vizuri, iliyosimama kwa ukingo kwenye rupia nilipoteza karibu theluthi ya kina. Fedha na shaba zinapitisha umeme vizuri sana kwa hiyo zinasikika wazi. Ile mia tano yetu ilinisumbua kwa sababu ndani ni chuma kilichopakwa nikeli, sumaku inainasa, na mashine inaisoma kwa kubabaika, mara chuma mara sarafu, ukikata chuma unaweza usiisikie kabisa hata kwenye kina kidogo. Sarafu nyingi za sasa hivi ziko hivyo. Hela ya zamani inapatikana kirahisi kuliko ya juzi.

Sasa hizo mita zinatoka wapi? Sio zote zimebuniwa hewani. Kitu kikiwa kikubwa kinaonekana mbali zaidi, na chungu kilichojaa sarafu kwa detekta ni kama kitu kimoja kikubwa. Mwaka 2010 kule Frome, Uingereza, bwana anaitwa Dave Crisp alipata siginali shambani, chini kukawa na chungu cha enzi za Warumi chenye sarafu 52,503, na mdomo wa chungu ulikuwa kama sentimita 30 hivi kutoka juu. Ingekuwa sarafu moja tu pale angeweza kuipita. Mwaka 2012 kisiwani Jersey, Reg Mead na Richard Miles wakapata rundo la sarafu karibu elfu 70 zilizogandamana, lile lilikuwa chini zaidi, na waliweza kulipata kwa sababu ni donge zito kama gari dogo. Kwa hiyo mtu akisema mashine yangu inaona mita moja na nusu muulize inaona nini. Akisema pipa la mafuta au bati la kuezekea anaweza kuwa anasema kweli, kuna mashine zinazofanya hivyo. Akisema sarafu mwage.

Na hapa ndo panaponiuma. Kwetu Tanzania stori ya mali za Mjerumani haiishi, kila mji wenye boma la zamani una mzee mwenye ramani, kila mti mkubwa una msumari uliopigiliwa kama alama. Historia ya kweli ipo na ni tamu kuliko hizo ramani. Vita ya kwanza ya dunia Waingereza walifunga bahari, Wajerumani wakaishiwa sarafu, ikabidi mwaka 1916 watengeneze zao Tabora kwenye karakana ya reli, heller za shaba, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilitoka kama elfu 16 tu. Rupia hiyo ya tembo ina upana wa milimita 22. Rudi juu kaangalie heller yangu ya milimita 20 ilisomeka kwenye kina gani. Sasa mtu anauza ng'ombe, anauza kipande cha shamba, ananunua mashine aliyoambiwa itamwonyesha dhahabu ya Mjerumani mita 8 chini ya mbuyu!

Mbaya zaidi ni zile zenye antena mbili zinazozunguka zenyewe mkononi, unazishika kama bastola, unaambiwa zinaona dhahabu kilomita moja. Hizo hazina kitu ndani. Na hili limeshafika mahakamani, mwaka 2013 Muingereza James McCormick alifungwa miaka 10 London kwa kuuza kifaa cha antena cha namna hiyo kilichoitwa ADE 651, alikiuza mpaka Iraq kama kigundua mabomu, watu wakawa wanakitumia kwenye vizuizi barabarani, na kilikuwa kimetokana na kidude cha kutafutia mipira ya gofu ambacho nacho hakikuwa na kitu. Watu walikufa kwa kukiamini. Ukiona antena inayozunguka bila koili rudi nyumbani na hela yako.

Sheria, maana mnaniuliza pia. Tanzania kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa kama mali ya kale, na kuchimba kutafuta vitu hivyo kunahitaji leseni. Kenya mwaka wao ni 1895. Magofu ni marufuku kabisa, msiniombe twende Kilwa na detekta. Na mimi sisemi hivi kwa kuogopa polisi tu. Pale Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wataalamu wa akiolojia walipata lundo la sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, vidogo vidogo, na dinari chache za dhahabu, na kwa sababu zilitolewa taratibu zikiwa kwenye tabaka lake leo tunajua watu wa pwani hii walikuwa wanapiga sarafu zao za fedha karibu miaka elfu moja iliyopita, majina ya watawala yameandikwa juu yake. Angewahi mtu na detekta na jembe usiku tungebaki na vipande vya fedha kwa sonara. Mimi natafutia kwenye mashamba ya watu walioniruhusu, ufukweni, na kwenye viwanja vya mpira vya zamani, na nikikuta kitu ambacho kinafanana na cha kale sana nakiacha, napiga picha, napeleka taarifa makumbusho.

Kwa hiyo ununue nini? Ufukweni mkavu au udongo wa kichanga kama Dodoma kwingine, ya kuanzia inatosha, usiongeze. Udongo mwekundu, hakikisha ina kubalansi ardhi, hiyo ndo ya kwanza kuulizia kabla ya kina, na ukiweza nenda frikwensi nyingi. Mitumba ya Simplex na Equinox inapatikana, angalia waya wa koili usiwe umefungwa selotepu.

Na kabla hujatoa hela nenda na sarafu yako mwenyewe, usikubali ile ya kupunga sarafu hewani dukani, hewani kila mashine inapendeza kwa sababu hakuna udongo, na video nyingi za YouTube ni hizo. Nenda na senti ya tundu, rula, na kipande cha bomba, mwombe muuzaji mtoke nje kwenye udongo, chomekeni bomba mpaka sentimita 15, mpe yeye mashine aitafute wewe ukiwa ndo unasukuma sarafu, mara uiweke mara usiiweke. Nimewafanyia hivyo wauzaji kadhaa. Wawili walikubali, na mashine zao zilisoma vizuri kabisa, mmoja mpaka leo ndo ninayemwelekezea watu. Aliyekuwa na tangazo la mita 5 alisema udongo wa nje kwake ni mgumu leo, nirudi kesho.

Wiki ijayo nikipata koili ya inchi 15 nitapima tena Muheza kwa rupia na heller, afu nitashuka Pangani maji yakitoka kujaribu mchanga uliolowa. Mwenye Deus ya XP karibu na Tanga akiweza kuja nayo tupime pamoja aniandikie, bomba na mwanzi vipo.